Uongo wa Gurudumu la Kushoto

Lugano Mwaisumo alisimamisha pikapu yake mbele ya karakana saa nne asubuhi, au tuseme alijaribu kuisimamisha. Ilikuja taratibu, mwendo wa mtu aliyewahi kanisani na hana haraka, akakanyaga breki, nayo ikaupita mlango kwa hatua mbili nzima ikaligusa pipa la maji. Pipa likayumba, likamwaga kidogo, likatulia. Lugano akashuka kofia ikiwa mkononi.

"Umeona mwenyewe, fundi," akasema. "Mimi sijasema neno."

Fundi Tusekile Mwasomola alikuwa ameona, maana alikuwa amesimama palepale chini ya bati na kikombe cha chai. Alikuwa amesikia pia. Chini ya boneti kulitoka mngurumo mfupi, trrr, ule ambao ABS huutoa inapofanya kazi. Swali ni kazi gani. Mvua ilikuwa imekatika tangu juzi, jambo la kushangaza kwa Tukuyu, na saruji mbele ya karakana ilikuwa kavu.

"Taa yake imewaka?"

"Haijawaka hata siku moja. Nikiliuliza gari lenyewe, linasema ni zima. Nikiuuliza Mnong'ono, unasema barabara inateleza. Dada, mimi nateleza mpaka uani kwangu? Kuku wananikimbia."

Huo ndio ulikuwa ubishi wa siku zile. Zamani gari likikataa kusimama alilaumiwa dereva, au fundi, au mkono wa mtu. Sasa kila gari la kisasa lilikuwa na masikio na mdomo wake. Gurudumu likiteleza mahali, gari huyanong'oneza yaliyo nyuma yake, nayo hupunguza mwendo kabla madereva hawajajua kwa nini. Mfumo huo uliitwa Mnong'ono. Minong'ono yote ilikusanywa makao makuu, na mahali paliponong'onewa mara nyingi paliwekewa mwendo mdogo. Baada ya hapo hakuna gari lililoweza kuuzidi, hata dereva akanyage mpaka unyayo ufe ganzi. Watu waliuamini Mnong'ono kuliko macho yao. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja.

Tusekile hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakishika. Aliweka kikombe juu ya dirisha, akaketi kwenye usukani, akaipeleka pikapu hadi kwenye njia ya nyuma ya soko la ndizi, Lugano akiwa pembeni yake. Kwa mwendo wa arobaini breki ilikamata vizuri. Kwa thelathini vilevile. Alipoushusha mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, akakanyaga, pedali ikaanza kutapatapa chini ya kiatu kama kuku aliyeshikwa miguu, na gari likaendelea kwenda kana kwamba hakuna aliyeliambia lisimame. Alirudia mara sita. Mara tano ilimkataa.

ABS ni kifaa chenye nia njema. Gurudumu likitaka kujifunga na kuburuzika, chenyewe huachia breki kidogo, hukamata, huachia tena, ili tairi lizidi kuzunguka na usukani uzidi kutii. Lakini hakina macho. Kinategemea sensa iliyo kwenye kila gurudumu kukiambia kama linazunguka au limesimama. Kikiambiwa uongo, kitaachia breki iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa, na dereva atabaki anakanyaga hewa.

"Kuna anayeidanganya kompyuta yako," Tusekile akasema wakirudi. "Tumtafute."

*

Mafundi wengine wa mji ule wangeuza sensa mpya palepale, na isipofaa wangeuza nyingine. Tusekile aliinua gari kwa jeki, akatoa magurudumu mawili ya mbele, akavuta nyaya moja moja kuona kama kuna iliyoliwa na panya. Zilikuwa nzima. Kisha akaichomoa sensa ya kushoto akaipeleka kulia, na ya kulia akaileta kushoto. Kama sensa ndiyo mgonjwa, ugonjwa ungehama nayo.

Ugonjwa haukuhama. Uling'ang'ania kushoto.

Aliweka kioo chake cha kupimia juu ya tairi la akiba, akaanza kuizungusha habu ya kushoto, kitovu cha gurudumu, kwa mkono, polepole. Kwenye kioo ukachoreka mstari wenye vilima vidogo vinavyofuatana sawasawa. Halafu vilima vikapotea, mstari ukalala. Halafu vikarudi. Alizungusha tena. Kila mzunguko, mahali palepale, mstari ulilala.

"Hapo ndipo kompyuta inapodhani gurudumu limesimama," akamwonyesha Lugano. "Ukienda kasi, hapo panapita upesi mno, haipati muda wa kutishika. Ukienda polepole, inapata muda wa kudhani gurudumu limejifunga. Basi inaachia breki, na inanong'ona kwamba umeteleza."

"Kwa hiyo ni beringi?"

"Ni pete iliyo kwenye beringi."

Alijibu huku akikumbuka kitu ambacho hakukipenda. Beringi hiyo aliifunga yeye mwenyewe, mwezi Desemba, ile ya zamani ilipoanza kulia. Sasa ilikuwa Mei. Beringi ya miezi mitano haina haki ya kuharibika, na ile haikuwa imelegea wala haikuwa na kutu.

Ilimchukua karibu saa nzima kuing'oa. Ukiitazama, ile pete ilikuwa mpira mweusi tu, laini, usio na alama. Siri yake ilikuwa ndani. Mpira ule ulikuwa umechanganywa na sumaku, na sumaku hiyo imepangwa vipande vidogo sana, kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, kuizunguka pete yote. Hivyo ndivyo sensa inavyovihesabu. Kwa macho hutaona kitu. Tusekile alitandika karatasi nyeupe juu ya pete, akafagia unga wa chuma uliodondoka chini ya mashine ya kunolea, akaunyunyiza kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga, akaigonga karatasi kwa ukucha.

Unga ukajipanga. Ukatoka mistari myembamba kama meno ya kitana, ikaizunguka pete, mizuri mpaka Lugano akapiga mluzi. Lakini upande mmoja, kwa upana wa vidole vitatu, unga ulilala hovyo bila mstari wowote. Na mpaka wa kile kipara haukuwa umenyooka. Ulikuwa umepinda kama ukingo wa sahani.

Tusekile aliutazama ule mpindo kwa muda. Kisha, bila kupenda, akageuza shingo akatazama meza yake ya kazi.

Juu ya meza palikuwa na sumaku ya spika, mviringo mzito aliouchomoa mwenyewe kwenye spika kuukuu ya kanisani iliyokufa kwa radi. Ndiyo iliyokuwa fahari ya karakana. Kila nati na kila bolti aliyoitoa kwenye gari aliitupia hapo ikanata, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupoteza hata moja. Wateja walikuwa wakiionyesha kwa vidole. Alibeba beringi hadi mezani, akaishika juu ya sumaku bila kuigusisha, mpindo juu ya ukingo. Vilitoshana.

Alikumbuka kila kitu. Desemba, mvua, habu ina tope. Alikuwa ameshika beringi mpya mkono wa kushoto, akatafuta pa kuiweka ili afute habu kwa kitambaa. Akaiweka pale anapoweka kila kitu.

Aibu ilimpanda. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa amemnyoa mtu akamkata sikio na kumwambia umependeza.

"Umempata?" Lugano akauliza kutoka kwenye gari.

"Nimempata."

"Nani?"

"Mimi," Tusekile akasema. Akamweleza yote, akimwonyesha sumaku, pete na karatasi. Lugano alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na alipomaliza hakukasirika hata kidogo. Hilo ndilo lililomtia Tusekile wasiwasi. Mtu aliyekoswakoswa na gari lake mwenyewe kwa miezi mitano angalau angeguna.

*

Sheria ilimtaka fundi mwenye muhuri, akigundua kosa la gurudumu, afungue kumbukumbu za minong'ono ya gari hilo aone kama kuna uliokuwa uongo. Tusekile alibonyeza muhuri wake kwenye kioo, yaani kidole gumba, na ramani ya njia za Lugano ikafunguka. Lugano alikuwa mkusanya maziwa. Kila asubuhi na kila jioni aliteremka kutoka mlimani akisimama vituo tisa. Vituo vinane vilikuwa na nukta mbili tatu, kwa sababu vilikuwa kwenye tambarare na gari lilisimama karibu lenyewe. Kituo cha tisa kilikuwa kwenye mteremko. Pale nukta zilikuwa zimerundikana mpaka zikawa doa.

Minong'ono mia nne na kumi na miwili. Kona ya Ibungila.

"Nilidhani utatengeneza tu," Lugano akasema kwa sauti ndogo. "Sikujua utafungua hiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilianza kushuku mwezi wa tatu. Sikuuliza. Nisingeileta leo, ni vile juzi..."

Hakuna mtu wa Tukuyu asiyeijua Kona ya Ibungila. Barabara hutoka mlimani imenyooka, halafu hupinda ghafla penye nyumba, na magari makubwa yanayotoka mpakani hupita pale usiku na mchana. Wanawake huvuka na ndoo za maziwa kwenda kituoni, watoto huvuka kwenda shule. Lami ya pale ilikuwa nzuri, na huo ndio ulikuwa msiba wake. Haikuteleza. Kwa Mnong'ono, mahali pasipoteleza pana haki ya mwendo wa themanini. Kijiji kiliandika barua tatu kuomba matuta. Kikajibiwa mara tatu, kwa heshima, kwamba matuta hayajengwi tena, teknolojia imechukua nafasi yake. Katika miaka miwili walikufa watu watatu. Wa mwisho alikuwa Lusubilo, miaka tisa, mtoto wa dada yake Lugano.

Halafu mwezi Januari, bila mtu kuomba, bango la taa pale konani liligeuka kutoka themanini likawa thelathini. Malori yakaanza kupita yananyata. Tangu siku hiyo hakuna aliyeguswa.

"Mchungaji alifanya ibada ya shukrani," Lugano akasema. "Mimi nilitoa jogoo."

Tusekile alitaka kucheka ikashindikana. Alielewa vizuri kilichotokea. Mjini Mnong'ono usingeliamini gari moja. Lakini huku milimani magari ya wenyeji yenye mdomo yalikuwa machache, kwa hiyo uliruhusiwa kumwamini shahidi mmoja akisema jambo mara nyingi. Na shahidi mwenyewe alikuwa kipande cha mpira kilicholazwa vibaya juu ya sumaku ya spika.

"Lirudishe lilivyokuwa, dada," Lugano akasema. "Funga beringi hiyohiyo. Mimi nimeshalizoea. Nitaanza kukanyaga mapema."

"Juzi ilikuwaje?"

Lugano akaigeuza kofia mikononi. "Liliniachia. Likaigonga ndoo ya dada yangu, Mama Lusubilo."

"Ndoo ilikuwa chini?"

"Hapana."

"Ilikuwa wapi?"

"Mkononi mwake," akasema Lugano.

Nje mwanamke alipita akiuza maparachichi, akaita, hakuna aliyemwitikia. Tusekile aliipanga hesabu ya jambo lile kichwani na haikukaa sawa popote. Akiliacha gari lilivyo, Lugano ataendelea kuteremka kila asubuhi na breki inayoachia, kuelekea kundi la wanawake walewale. Akilitengeneza na kuripoti, minong'ono mia nne na kumi na miwili itafutwa na malori yatarudi kwenye themanini, kuelekea wanawake walewale. Njia zote mbili zilimwishia Mama Lusubilo na ndoo yake.

Ilikuwepo njia ya tatu, na alikuwa ameiona mapema kuliko alivyotaka kukiri. Angetengeneza gari na kunyamaza. Minong'ono ya zamani ingebaki kwenye kumbukumbu mpaka izeeke, siku tisini. Siku tisini za thelathini. Mtu anaweza kufanya mengi katika siku tisini. Anaweza kuandika barua ya nne.

Na katika siku hizo tisini hakuna ambaye angejua kuhusu sumaku.

Hapo ndipo lilipomkwama. Angekuwa hana hatia, huenda angenyamaza kwa ajili ya watoto na akalala usingizi. Lakini huruma yake na woga wake vilikuwa vimekaa kiti kimoja, vinasema kwa sauti moja, na hakuweza kujua ni kipi anachokisikiliza. Aliuogopa ule mchanganyiko kuliko alivyoogopa kunyang'anywa muhuri. Tena kulikuwa na jambo jingine. Masika yale ukungu ulikuwa mzito, na kulikuwa na madereva waliokuwa wakiteremka mlima bila kuona pua ya gari, wakiwa wameshika neno la Mnong'ono tu. Neno hilo likishachanganywa na uongo wa watu wema, nani atajua uongo wa wema unaishia wapi?

Akampigia mkaguzi wa mkoa, Bwana Semkiwa, mtu mpole mwenye sauti ya kikohozi. Akamweleza yote, pamoja na sumaku. Kisha akaomba.

"Mkaguzi, futa minong'ono, lakini acha thelathini pale kwa amri yako."

"Fundi, niiache kwa jina gani? Mfumo una mtelezo, una mnyama, una maporomoko, una gari bovu. Nichague lipi?"

"Watu wanavuka."

"Hakuna hilo." Alikohoa. "Nilishawahi kuliomba mimi mwenyewe. Waliniambia watu hawana magurudumu. Naweza kuandika mtelezo usiokuwepo, mkono wangu hautakatika. Wewe ungeniamini tena?"

Tusekile alimtazama Lugano, aliyekuwa anasikia kila neno. "Nisingekuamini," akasema.

"Basi tuma ripoti. Mwendo utarudi kesho alfajiri. Na muhuri wako, unajua, utafungwa siku thelathini kuanzia kesho adhuhuri. Samahani, fundi."

Akatuma. Kisha akafungua beringi mpya, akailaza juu ya kipande cha ubao, mbali na meza, akafuta habu kwa utulivu mpaka ikang'aa. Lugano alishika taa ingawa ilikuwa mchana. Walipomaliza, Tusekile aliipeleka pikapu nyuma ya soko akakanyaga breki kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ilisimama palepale, kimya, mara sita kati ya sita.

"Kesho nitakwenda nawe," akamwambia. "Habari hii siwezi kuituma kwa mtu."

*

Waliteremka alfajiri, keni za maziwa zikigongana nyuma. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, na bango la Kona ya Ibungila lilionekana kutoka mbali kwa sababu ya taa zake. Themanini.

Lugano alikanyaga breki. Pikapu ilisimama mahali pake, hatua moja kutoka kwa mwanamke wa kwanza, na wanawake tisa waliokuwa wameshaanza kurudi nyuma kwa mazoea wakacheka.

"Leo limepona!" mmoja akasema.

Tusekile akashuka, akaamkia. Akajitaja jina na kazi yake, akawaambia bila kupamba. Kwamba thelathini haikuletwa na barua zao, wala serikali. Kwamba ililetwa na kosa lake kwenye gurudumu la Lugano, na kosa hilo ndilo lililomgongesha Mama Lusubilo ndoo juzi. Kwamba jana amelitengeneza na kusema ukweli, na ndiyo maana bango limegeuka. Kicheko kilikwisha polepole. Wakageuka wote kulitazama bango, kisha wakamtazama mmoja wao, mwanamke mrefu aliyefunga khanga mbili kiunoni na kubeba ndoo ya plastiki iliyofungwa waya penye ufa. Hakukuwa na haja ya kuambiwa ni nani.

"Kwa hiyo miezi hii yote," Mama Lusubilo akasema, "kilichotuweka hai ni kosa lako?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa umelirekebisha."

"Ndiyo."

"Basi kosea tena, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba aongezewe chumvi. Tusekile akatokwa na machozi mbele za watu, yeye ambaye hata msibani huwa ndiye mwenye kushika sufuria.

Lori likatokea mlimani. Walilisikia kabla hawajaliona, kisha likapita, themanini kamili, upepo wake ukazivuta khanga zao na kumwaga povu la maziwa kutoka kwenye ndoo. Lilipotea. Mtoto mmoja wa shule, upande wa pili, alikuwa ameganda kwenye nyasi na daftari kifuani.

Tusekile alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Mmoja wa wanawake alikuwa na panga, lile la kukatia majani ya ng'ombe.

"Niazime, mama."

Alipanda ukingoni penye mikaratusi michanga, akakata tawi, akakata la pili, akakata mpaka mikono ikajaa. Lugano alimfuata bila kuuliza. Walipanda na barabara hatua mia moja, wakalaza matawi juu ya lami kwa mafungu, fungu, nafasi, fungu, kama kila dereva wa nchi hii anavyofanya gari likimfia njiani. Wahandisi waliotengeneza masikio ya magari walijaribu kuiondoa desturi hiyo wakashindwa, basi wakayafundisha magari kuisoma. Wanawake walielewa. Ndoo zikawekwa chini, wawili wakaenda upande wa chini wa kona, na matawi yakapita mkono kwa mkono.

Lori la pili likatokea kwenye ukungu. Taa zake ziliyaona majani. Likatoa pumzi ndefu, likapunguza, likapunguza tena, likapita mbele yao linatambaa, na dereva akachungulia dirishani akitafuta gari lililoharibika. Mtoto wa shule akavuka.

Simu ya Tusekile ikalia kabla matawi hayajamaliza kutikisika. Aliiweka sauti kubwa.

"Fundi," Bwana Semkiwa akasema. "Lori moja limeniletea habari za majani Ibungila. Kuna gari limeharibika?"

"Hakuna."

"Basi majani ni ya nini?"

"Majani hayajawahi kusema gari, mkaguzi. Yanasema punguza mwendo, mbele kuna jambo. Jambo lipo. Watu wanavuka."

Mkaguzi alikohoa. Alikuwa na haki ya kutuma gari la kufagia, na wote wawili walilijua hilo. "Nikilipokea itabidi liwe na mtu aliyelileta. Jina lako likifika adhuhuri halitasomeka."

Mama Lusubilo alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Andika langu," akasema. "Mama Lusubilo."

"Jina kamili, mama."

"Hilo ndilo kamili."

Upande wa pili vidole vikasikika vikigonga herufi, moja moja, kama vya mtu asiyetaka kukosea.

"Nimeandika," mkaguzi akasema. "Lakini, mama, majani yanakauka. Jioni mfumo hautayaona."

"Tutakata mengine," Mama Lusubilo akasema, akamrudishia Tusekile simu, akainua ndoo yake, akavuka.